Lucky Summer: Mtaa ambako gozi hulipa karo

Hakuna mtu anayefika Lucky Summer kwa kupotea njia. Mtaa huu hauko kando ya barabara kuu, na anayeutaka sharti apande matatu za Baba Dogo mjini, avumilie msongamano wa barabara ya Thika, kisha akunje pale Allsops ambako harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia cha Ruaraka humlaki kabla hajaona nyumba hata moja. Baada ya hapo ni viwanda, malori, mama mboga, vinyozi na makanisa ya mabati, hadi utingo anapopiga ubavu wa gari makofi mawili. Umefika.

Jina lenyewe ni kichekesho. Nairobi haina kiangazi kile cha Wazungu cha kuvaa kaptura na kwenda ufuoni. Sisi tuna masika, tuna vuli, na tuna baridi ya Julai ambayo humfanya makanga avae makoti mawili. Kuhusu hiyo bahati inayotajwa kwenye jina, mgeni hujiuliza iko wapi anapotazama upande wa Korogocho na kuuona moshi wa jaa la Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na ambalo liliendelea kupokea takataka za jiji zima. Hata hivyo, Lucky Summer si mtaa wa mabanda matupu kama wasioujua wanavyodhani. Ni mtaa wa ploti: nyumba za mawe za ghorofa nne au tano, kamba za nguo kila roshani, duka chini na mwenye nyumba juu. Humu huishi makarani, mafundi, walimu, wafanyakazi wa viwandani na wachuuzi, watu ambao mshahara wao ukitoka asubuhi, jioni umekwisha kugawanywa kati ya kodi ya nyumba na karo.

Ni hiyo karo iliyonipeleka kiwanjani Jumamosi moja.

Katika mitaa hii ya mashariki ya jiji, kiwanja cha mpira ni uwanja wa vumbi jekundu ambao mvua ikinyesha hugeuka bwawa. Vijana huanza kucheza saa mbili asubuhi na huwezi kuwaondoa mpaka giza liingie. Nilivutiwa na mavazi yao kuliko mchezo wenyewe. Timu haikuwa na jezi za sare, kwa hivyo kila mmoja alivaa alichonunuliwa Gikomba, na mitumba ya Gikomba, kama ujuavyo msomaji, hutoka Marekani kwa marobota. Mlinda lango alikuwa na fulana iliyoandikwa Penn State. Winga mmoja, mwembamba kama fimbo, alivaa nyekundu ya USC ya California. Bila shaka hakuna aliyejua kwamba majina hayo mawili ni ya vyuo ambavyo timu zao ziliwahi kuadhibiwa kwa njia inayomhusu sana kijana maskini anayetegemea mchezo ili asome.

Huko Marekani vyuo vikuu hucheza kandanda ya kwao, ile ya mpira wenye umbo la yai, na hutoa ufadhili wa masomo kwa wachezaji. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kiliweka kikomo: kwa miaka mingi, hadi msimu wa 2024, chuo cha ligi ya juu hakikuruhusiwa kuwa na wanakandanda zaidi ya 85 wanaosomeshwa bure, wala, kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, kusajili wapya zaidi ya 25 kwa mwaka. (Tangu 2025 utaratibu umebadilika na sasa kinachohesabiwa ni idadi ya wachezaji kikosini.) Chuo kikivunja sheria, kwa mfano kikiwalipa wachezaji kwa siri, mojawapo ya adhabu ni kupunguziwa nafasi hizo za ufadhili.

Kwa masikio ya haraka hiyo ni adhabu ndogo. Timu haifungwi na mechi zinaendelea. Lakini tazama inavyofanya kazi. Mchezo ule una watu 11 uwanjani, ila wa kushambulia ni wengine na wa kulinda ni wengine, na mifupa huvunjika kila wiki. Benchi ndilo linaloibeba timu. Ukipunguza nafasi 10 mwaka huu, huoni kitu, kwa sababu wakubwa waliosajiliwa zamani wangalipo. Mwaka wa pili majeruhi wanaanza kukosa wa kuwapokea. Mwaka wa tatu na wa nne ndipo pengo linapojitokeza, kwani vijana ambao wangekuwa wamekomaa wakati huo hawakusajiliwa kamwe. Na kocha mwenye nafasi 15 badala ya 25 hathubutu kubahatisha. Atamchukua yule aliyekwisha kuiva, mwenye kocha wa kulipwa na chakula bora nyumbani. Yule mwembamba anayehitaji miaka miwili ya kunenepa na kufundishwa, ambaye angekuwa chaguo la 22, ndiye anayeachwa. Hakuna barua atakayopelekewa. Simu tu haitalia.

Kisa cha kutisha zaidi ni cha Southern Methodist, chuo cha Dallas. Mwaka 1987 timu yake ilifutiwa msimu mzima kwa kuendelea kuwalipa wachezaji baada ya kuonywa, na ikapunguziwa nafasi 55 za ufadhili katika miaka minne. Mwaka uliofuata chuo chenyewe kikaamua kutocheza. Kiliporudi 1989 kilikuwa na watoto watupu. Houston waliwachapa 95 kwa 21. Kati ya mwaka huo na 2008 timu ilipata msimu mmoja tu wa ushindi mwingi kuliko vipigo. Waliozaliwa mwaka wa adhabu walikuwa wamekwisha kumaliza chuo kabla timu haijapona.

USC walihukumiwa mwaka 2010: nafasi 30 kwa miaka mitatu, na kufungiwa michuano ya mwisho wa msimu kwa miaka miwili. Kosa lilihusu manufaa aliyopata nyota Reggie Bush, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kwenda kucheza kwa malipo tangu 2006. Kocha wake, Pete Carroll, aliondoka Januari 2010 kwenda kufundisha Seattle. Hukumu ilitoka Juni. Waswahili walikwisha kusema kwamba mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo. Huu wa USC uliwanasa wasiokuwamo peke yao. Bush alirudishiwa tuzo yake ya Heisman mwaka 2024. Vijana 30 ambao nafasi zao zilifutwa hakuna awezaye kuwarudishia chochote, kwani hata majina yao hayajulikani.

Sasa turudi kwetu, maana mtu anaweza kusema hayo ni ya Wamarekani.

Karo ya shule ya kitaifa ya bweni, kwa kiwango kilichowekwa na serikali mwaka 2015, ilikuwa Sh53,554 kwa mwaka, mbali na sare, nauli na godoro. Kwa mzazi wa Lucky Summer mwenye watoto watatu hiyo ni hesabu isiyojibika. Ndiyo maana gozi huangaliwa hapa kwa jicho jingine. Mtoto anayejua kupiga chenga huweza kuitwa na shule yenye jina katika michezo, akasamehewa karo yote au nusu. Makubaliano hayo mara nyingi hayaandikwi popote. Ni mwalimu wa michezo, mwalimu mkuu na mzazi. Sote tunajua pia upande wake mchafu: mamluki waliomaliza shule zamani, wenye ndevu, wakivalishwa sare ili kombe lipatikane. Shule ikikamatwa, hunyang'anywa ushindi au hufungiwa mashindano. Ni haki. Lakini mwalimu mkuu ambaye timu yake haitacheza mwaka ujao ana sababu gani ya kuendelea kumlisha na kumsomesha bure mshambuliaji wa kidato cha pili aliyesajiliwa kihalali? Mamluki amekwisha kwenda zake. Anayerudishwa nyumbani na sanduku ni mtoto mwenye umri halali.

Kwenye soka ya wakubwa tumeyaona hayo mchana kweupe. Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa Shirikisho la Kandanda, FKF, kwa tuhuma za fedha. Februari 2022 FIFA ikaipiga Kenya marufuku, na haikuiondoa mpaka mwisho wa Novemba mwaka huo. Wazee waligombana ofisini na mahakamani. Waliolipa ni kina dada wa Harambee Starlets, ambao walikuwa wameitoa Sudan Kusini na wakangoja kupambana na Uganda kuwania Kombe la Afrika la Wanawake. Kenya ikaondolewa, Uganda wakapita bila jasho. Waliolipa ni Tusker, mabingwa wa msimu huo, majirani wa hapa Ruaraka, waliokosa kombe la klabu bingwa barani. Mchezaji wa miaka 19 ambaye angeonekana na wakala au chuo cha ng'ambo katika mechi hizo hakuonekana.

Mathare United nao walisimamishwa na FKF mwishoni mwa 2020, pamoja na Zoo ya Kericho na Ulinzi, kwa kukataa kutia sahihi mkataba wa matangazo ya televisheni. Klabu ikayumba kwa ukosefu wa fedha, ikateremka daraja, na ikarejea Ligi Kuu mwaka 2024. Naitaja kwa sababu maalum. Klabu hiyo, iliyoanzishwa 1994 na kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 2008, ilizaliwa na chama cha vijana cha MYSA, kilichoanza Mathare mwaka 1987 chini ya Bob Munro, raia wa Canada. Na MYSA ndio waliotunga mpango wa ufadhili ambao, kwa maoni yangu, Wamarekani wangefaa kuja kuusoma.

Mpango ni huu. Kijana hujikusanyia alama, na si kwa mabao peke yake. Anapata alama kwa kufundisha wadogo, kwa kuwa refa, kwa kuhamasisha wenzake kuhusu ukimwi, kwa kufagia mitaro. Wenye alama nyingi hulipiwa karo, na pesa hazipitii mkononi mwa mtoto wala mzazi. Zinakwenda shuleni moja kwa moja. Kwa hivyo karo ya kijana hutegemea jasho lake mwenyewe, bila kujali nyota wa timu amefanya nini au kiongozi gani amekula nini. Mguu ukivunjika, bado anaweza kuwa refa au mwalimu wa watoto na alama zikaendelea kuingia.

Wakati huohuo timu zenyewe zina nidhamu yao. Ushindi uwanjani ni pointi tatu, lakini timu ikimaliza zamu yake ya kusafisha mtaa inapata pointi sita. Ukikwepa takataka unaweza kufunga mabao kila wiki na bado usionekane kileleni. Adhabu inakaa kwenye jedwali, mahali ambapo timu nzima inaiona na inaumia pamoja.

Najua kuna watakaosema kwamba bila kugusa fedha na nafasi wadanganyifu hawaogopi. Huenda. NCAA wenyewe, hata hivyo, wameonyesha shaka. Penn State walipoadhibiwa Julai 2012, baada ya kashfa ya msaidizi wa kocha aliyewanajisi watoto, walitozwa dola milioni 60, wakafungiwa michuano ya mwisho wa msimu kwa miaka minne na kupunguziwa usajili kutoka 25 hadi 15 kwa mwaka. Mwaka mmoja tu baadaye NCAA walianza kulegeza kamba, na cha kwanza kurudishwa kilikuwa nafasi za masomo. Michuano ilingoja hadi 2014. Lakini hawakujifunza yote. Mwaka 2023 chuo cha Tennessee kilipopatikana na hatia, hakikufungiwa michuano, kwa hoja kwamba wachezaji waliopo hawakukosa. Badala yake kilitozwa zaidi ya dola milioni 8 na kupunguziwa nafasi 28 za ufadhili. Waliopo wakasamehewa, na deni likaandikwa kwa jina la wasiokuwepo.

Mzazi wa Lucky Summer analielewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina ya maeneobunge, inayotoa basari kwa watoto wengi wa Ruaraka, ni kinyume cha katiba na ikome ifikapo 30 Juni 2026. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti akatoa waraka wa kuzuia basari za kaunti, kabla mahakama haijausimamisha. Mawakili walizungumza kuhusu mamlaka na ugavi wa majukumu. Mtaani swali lilikuwa fupi: fomu za muhula ujao zitatoka au hazitatoka?

Siku ile kiwanjani niliuliza kuhusu shule wanazosoma vijana wale. Wachache walikuwa bweni na walikuwa likizoni. Wengi walikuwa wa kutwa. Wawili, wote wachezaji wazuri, walikuwa nyumbani tangu katikati ya muhula wakingoja salio la karo, na walifanya mazoezi kwa bidii kuliko wenzao wote.