Ikwiriri, Lami Inapokutana na Rufiji

Ukitoka Kibiti kwenda kusini, ardhi inashuka taratibu mno, huwezi kuitambua kwa macho. Unaitambua kwa hewa: inakuwa nzito, ina unyevu. Mikorosho inapungua. Kisha matuta ya Ikwiriri yanalilazimisha basi kupunguza mwendo, na madirisha yote yanajaa masinia. Kambale wa kukaanga, korosho katika vifuko, mayai ya kuchemsha. "Mama, kambale wa leo huyu, shika!" Harufu ya samaki waliokaushwa kwa moshi inaingia ndani na kukaa.

Mbele ya mji lipo Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Lina urefu wa mita zipatazo 970. Kwa basi la Mtwara ni kufumba na kufumbua. Kwa miguu, jua likiwa utosini, unalivuka kwa jasho. Lori la shehena likipita, sakafu inatetemeka chini ya nyayo. Nilisimama katikati, nikashika chuma cha ukingo chenye moto. Huko chini Mto Rufiji ulikuwa mpana, rangi ya udongo, umejigawa kuzunguka mafungu ya mchanga. Maji hayo yametoka mbali sana: Kilombero, Luwegu, Ruaha Mkuu. Nguzo zilionekana nyembamba ndani yake.

Kabla ya daraja palikuwa na kivuko. Wazee wa hapa wanakumbuka foleni za malori wakati wa masika, watu wakiwasha moto kwenye mafiga kando ya magurudumu, wakipika, wakilala, wakiamka na gari halijasogea. Kutoka Ndundu, ng'ambo, hadi Somanga, tope lilibaki miaka mingi hata baada ya daraja kukamilika. Kilomita 60 tu, lakini ziliweza kuwatenga watu wa Lindi na Mtwara na nchi nzima.

Barabara inakwenda kusini. Maisha ya bondeni yanakwenda mashariki na magharibi, pamoja na mto, na njia yake ni mtumbwi. Pale ukingoni niliona mitumbwi ya gogo moja imefungwa kwenye vigingi, ndani maji kidogo na magamba ya perege. Mama mmoja alipanda na jembe, sufuria, debe la mbegu na mtoto mgongoni. Kijana akasukuma kwa pondo. Hawakuzungumza. Macho yao yalikuwa majini muda wote, kwani mamba na viboko wapo.

Alikuwa anakwenda shambani. Katika miaka ya 1968 na 1969 serikali iliwahamisha watu wa bondeni na kuwaweka katika vijiji vya juu, mbali na mafuriko. Nyumba zikapanda, mashamba yakabaki chini, kwa sababu rutuba iko chini. Mto ukifurika unaacha matope, na maji yakipungua watu hupanda mazao ya mlau katika unyevu uliobaki. Kwa hiyo msimu wa kilimo familia huhamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu, ili kulinda mpunga na mahindi dhidi ya ndege na nguruwe. Nililiona moja kwa mbali, juu ya nyasi zinazompita mtu kimo, moshi mwembamba ukitoka. Kati ya dungu hilo na zahanati kuna mtumbwi, mwendo wa miguu, na bodaboda. Ramani za barabara haziionyeshi njia hiyo, nami naona ni kosa kubwa: mama yule anaipita akiwa mjamzito, akiwa na homa, akiwa na gunia.

Jioni mikeka ya ukindu ilifika Ikwiriri, myekundu, ya zambarau na ya kijani, imeviringwa na kufungwa nyuma ya pikipiki. Siku hiyohiyo ilikuwa imevuka mto. Konda wa basi la Dar es Salaam alitaja nauli ya mzigo, mwenye mikeka akakataa, wakabishana huku injini ikiunguruma. Walikubaliana kwa nusu ya bei ya kwanza, na mikeka ikaingizwa kwenye buti.