Saa za ziada na ile miaka miwili ya Nabii Musa



Darsa ya leo imetokana na swali nililoulizwa barazani baada ya swala ya isha, na kijana mmoja wa hapa hapa kwetu Tangini. Nimemwomba ruhusa niieleze habari yake, akakubali kwa sharti nisimtaje yeye wala ofisi yake. Kwa hiyo msiniulize.

Kijana huyu ni mhasibu, anafanya kazi kwenye kampuni binafsi Dar es Salaam. Mnaokaa Kibaha mnaijua safari hiyo. Unatoka nyumbani alfajiri, Maili Moja, Mbezi, Kimara, halafu mwendokasi umesimama mguu mmoja. Mkataba wake unasema saa 2:00 asubuhi mpaka saa 11:00 jioni, ndani yake saa moja ya chakula, na Jumamosi mpaka saa 7:00 mchana. Lakini saa 11 ikifika hakuna anayenyanyuka. Bosi bado yupo ofisini, na anayetangulia kutoka kesho yake anaulizwa kama kazi imemshinda. Basi wanakaa mpaka saa 2:00 usiku, siku nne kwa wiki. Maghrib anaiswali kwenye kona ya stoo, katikati ya makasha ya karatasi. Nyumbani anafika saa 4. Akila, simu inalia: kundi la WhatsApp la ofisi, bosi anataka taarifa fulani iwe mezani asubuhi.

Akaniambia, "Shehe, binti yangu ana miaka miwili. Nikitoka amelala, nikirudi amelala. Jumapili ananiangalia kama mgeni."

Nikadhani swali lenyewe ni hilo, nikaanza kumtuliza kwa maneno ya subira. Kumbe alikuwa bado hajafika. Yeye ndiye anayeshika fedha ndogondogo za ofisi, za bodaboda, chai na vocha. Kwa miezi kadhaa amekuwa akiiangalia ile fedha. Swali lake lilikuwa hili: "Je shehe, nikiandika safari za bodaboda ambazo sikwenda, nikajilipa zile saa zangu, nitakuwa nimeiba, au nimechukua haki yangu?"

Ndugu zangu, msikimbilie kumhukumu. Mwizi hamwendei shehe kuuliza.

Tuanze na haki yenyewe, maana wengi wanadhani aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwezi hana saa za ziada, kwamba ameshanunuliwa mwezi mzima na usiku wake. Wanazuoni wa fiq'hi wamewagawa waajiriwa mafungu mawili. Kuna anayelipwa kwa kazi, kama fundi cherehani: umempa kitambaa, anakupa kanzu, muda ni wake mwenyewe. Na kuna anayelipwa kwa muda, wanamwita ajiir khaas. Huyu ameuza muda maalumu, na ndani ya muda huo hana ruhusa ya kufanya shughuli zake, isipokuwa swala za faradhi na mahitaji yasiyoepukika. Sasa fikiri. Kama kilichouzwa ni muda maalumu, basi ulio nje yake haukuuzwa. Mfanyakazi akiiba saa ya mwajiri kwa kuperuzi simu amechukua kisicho chake, na mwajiri akichukua saa ya mfanyakazi baada ya mkataba kuisha naye vilevile. Surat al-Mutaffifin imewaonya wanaotaka kujaziwa kipimo wanapopokea kisha wakapunguza wanapotoa. Hiyo mizani haikupewa upande mmoja.

(Na nyinyi mnaoingia ofisini saa 3, mkanywa chai mpaka saa 5, kisha mkabaki usiku ili bosi awaone, darsa hii si ya kumpelekea bosi. Tafuteni ya kwenu.)

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa za kawaida: saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, siku zisizozidi 6. Kazi ya ziada ni kwa makubaliano, haitakiwi kuzidi saa 50 katika wiki nne, na malipo yake ni mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Wametolewa wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Hapo ndipo penye ujanja: kijana anaitwa "meneja" na hana hata mtu mmoja chini yake, mshahara ni uleule, ili aonekane hadai. Jina la cheo halimtoi mtu kwenye haki yake. (Zanzibar wana sheria yao ya ajira, ndugu zetu wa huko waiangalie.)

Tulichukua kalamu pale pale barazani. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 780,000. Sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, na huo wa wiki kwa saa za kazi. Wiki ni kama 180,000. Saa 45, kila saa ni 4,000. Mara moja na nusu, 6,000. Saa tatu kwa siku nne ni saa 12, shilingi 72,000 kwa wiki. Kwa wiki nne ni 288,000. Kijana akaishika ile karatasi, kimya. Zaidi ya theluthi ya mshahara wake, kila mwezi, na hakuna aliyewahi kumwambia hata ahsante.

Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra, ametupa habari ya watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Mimi nikisoma hadithi hii huwa natetemeka kwa ajili ya matajiri. Kesi za duniani utatafuta wakili. Ile mdai ni Allah.

Bosi atasema: lakini walikaa kwa hiari yao. Hapa nendeni Surat al-Qasas. Nabii Musa (A.S.) amekimbia Misri, amefika Madyan hana ndugu, hana kazi, ana njaa. Amewanyweshea wasichana wawili mifugo yao, na baba yao anampa ajira: amtumikie miaka minane, na akitimiza kumi, basi hiyo ni kutoka kwake Musa mwenyewe, kwa sababu yeye mzee hataki kumtaabisha. Angalieni hali ya Musa. Angeambiwa kumi angekubali. Angeambiwa kumi na tano angekubali pia, angekwenda wapi? Lakini yule mzee akapiga mstari mahali paonekane: minane ni deni, miwili ni ihsani. Na Musa akajibu kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili, asidhulumiwe. Ibn Abbas alipoulizwa Musa alitimiza upi, akajibu ule mrefu zaidi. Aliutoa, lakini aliutoa akijua angeweza kutoutoa.

Ridhaa ndiyo hiyo. Mtu anayeogopa kupoteza kazi akinyamaza, kunyamaza kwake si ridhaa.

Basi tukarudi kwenye bodaboda. Nilimweleza kijana kwamba Hind, mke wa Abu Sufyan, alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe ni bahili, akaruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na watoto kwa wema. Kwa hadithi hiyo wapo wanazuoni, hasa wa madhehebu yetu ya Shafi, walioruhusu mtu aliyenyimwa haki yake aichukue mwenyewe kwa masharti. Uso wake ukang'aa. Nikamwambia ngoja. Hind hakuandika risiti ya uongo, wala hakuwa amekabidhiwa sanduku la watu kama mlinzi wake. Wewe umepewa amana, na Mtume ametukataza kumfanyia hiana hata aliyetufanyia hiana. Tena mlango wa kudai uko wazi: andika barua, taja saa, na wakikataa iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai yasiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa huko ndani ya siku 60, kwa hiyo usilale. Akauliza, "Na wakinifukuza, shehe?" Sikumwambia hawatamfukuza. Nilimwambia kwamba hilo linaweza kutokea, na kwamba azungumze na mkewe kabla ya kuandika chochote.

Akaenda. Mimi usingizi ukanipaa.

Msikitini kwetu tuna ustadhi kijana. Tulikubaliana naye posho kwa kazi ya kufundisha watoto kati ya alasiri na maghrib, siku nne kwa wiki. Ramadhani iliyopita aliandika orodha ya futari, akagawa tende, akaandika hesabu za kamati, akarekodi darsa zangu na kuziweka mtandaoni. Hata nyingi kati ya darsa mnazosoma hapa zimechapwa na yeye, usiku. Kila alipochelewa kuondoka nilimwambia, "Ustadhi, thawabu hizo." Ilikuwa rahisi kwangu kugawa thawabu, si zangu.

Asubuhi nilimwita nikamuuliza kama zile kazi alizifanya kwa moyo wake. Akainama. "Shehe, mimi sikujua kama naweza kukataa."

Tumekaa na kamati. Mhazini alisema msikiti hauna fedha, na ni kweli hauna. Ila tumekubaliana kazi za ziada ziandikwe, aulizwe kila moja, na za nyuma alipwe kwa mafungu matatu, la kwanza natoa mimi. Darsa hii nimeichapa mwenyewe kwa kidole kimoja, ndiyo maana imechelewa, na makosa ya herufi mnisamehe.

Yule mhasibu alinionyesha barua yake Alhamisi. Tulifuta sentensi mbili za hasira, tukaziacha saa na tarehe. Ameipeleka Jumatatu. Mpaka leo hajajibiwa, na jana alitoka ofisini saa 11. Mkewe ameniambia mtoto alikuwa macho.