Wasiwasi wa vidole uwanja wa ndege si ushamba

Leo tuweke kando habari za programu na seva, tuzungumze habari za vidole.

Tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Ulaya zilizo katika eneo la Schengen zilianza kutumia mfumo mpya mipakani. Mgeni anapigwa picha ya uso, na kama ni wa nchi isiyohitaji viza anachukuliwa pia alama za vidole 4. Kumbukumbu zinakaa miaka 3. Kwetu sisi Wakenya inaongezeka picha tu, maana vidole vyetu vyote 10 tulishaviacha tulipoomba viza. Tangu hapo nimeulizwa swali moja na watu wengi, kuanzia binamu yangu hadi jirani anayeuza mitumba: "Wewe mtu wa kompyuta, hii kitu ni ya kuaminika kweli?"

Wanaouliza wako kambi mbili. Wa kwanza husema, kama huna hatia unaogopa nini? Wa pili hawaamini kitu chochote kinachowamulika. Kwa kuwa nina digrii ya kompyuta na riziki yangu naipata kwa kuandika programu, wengi hudhani nitasimama na kambi ya kwanza. La hasha. Wenye wasiwasi wana haki, ila mara nyingi wanauelekeza pasipo.

Hebu tuitazame Japani, maana kisa chake nimekifuatilia.

Novemba 20, 2007 Japani ilianza kuchukua alama za vidole viwili vya shahada na picha ya uso kwa karibu kila mgeni wa miaka 16 na zaidi anayeingia nchini. Marekani ilikuwa imetangulia Januari 2004. Walioachwa nje Japani walikuwa wachache: wanadiplomasia, wageni wa serikali, na wakaazi maalumu wa kudumu, ambao wengi wao ni Wakorea ambao familia zao zipo huko tangu enzi za ukoloni wa Japani. Lakini mgeni mwingine aliyeishi Tokyo miaka 20, mwenye mke Mjapani na watoto, analipa kodi kama jirani zake, alitakiwa kuweka vidole kila anaporudi nyumbani kutoka safari.

Watu walilalamika sana. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia magaidi. Wakosoaji wakauliza: ile gesi ya sarin iliyomwagwa kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo Machi 20, 1995, iliwekwa na nani? Iliwekwa na wafuasi wa Aum Shinrikyo, dhehebu lililozaliwa hapohapo Japani. Wale wasingepita kwenye foleni ya wageni. Tena kulikuwa na kidonda cha zamani. Wageni wanaoishi Japani walikuwa wakilazimishwa kutoa alama za vidole wanapojiandikisha, na miaka ya 1980 wengi, hasa Wakorea, walikataa, wengine wakashtakiwa. Mwaka 2000 sharti hilo likafutwa kabisa. Miaka 7 baadaye likarudi kupitia mlango wa uwanja wa ndege.

Mimi mwenyewe nilipita Narita miaka miwili iliyopita, nikienda kwa mafunzo ya wiki mbili. Niliweka vidole, nikatazama kamera, afisa akainamisha kichwa, nikapita. Haikufika hata dakika mbili. Kusema kweli hakuna kilichoniuma. Na hapo ndipo tunapodanganyika: mfumo tunaupima kwa aliyepita, tukamsahau aliyezuiwa.

Sasa kidogo mambo ya kiufundi. Usikimbie.

Programu haifananishi picha ya kidole kama wewe unavyofananisha picha mbili za harusi. Inatafuta mahali ambapo mistari ya ngozi inakatika au kugawanyika, inageuza mahali hapo kuwa namba. Ukirudi kesho kidole hakilali vilevile. Umekibonyeza zaidi, kina jasho, au jana ulijikata ukimenya kitunguu. Namba haziwi zilezile. Kwa hivyo programu haijui kusema "ndiye" wala "siye". Inatoa maksi, kama mwalimu anayesahihisha mtihani, na kuna mtu mahali fulani ameamua maksi za kupita ni ngapi. Akizishusha mno, watu watasingiziwa kuwa ni wengine. Akizipandisha mno, mwenye kidole halisi atakataliwa. Hakuna mahali pa kuziweka pasipo na makosa.

Tena kazi ziko mbili. Simu yako inalinganisha kidole chako na kile ulichosajili wewe, basi. Uwanjani unalinganishwa na orodha ndefu ya watu wanaosakwa na waliowahi kufukuzwa, na kila jina katika orodha ile ni nafasi nyingine ya kukosea.

Tufanye hesabu ya mfano. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36. Tuseme mfumo ni mzuri ajabu, unamsingizia mtu 1 tu kati ya 100,000. Hao ni watu 360 kwa mwaka, karibu mmoja kila siku, wanaopelekwa chumba cha pembeni. Muuzaji wa mfumo atakwambia ni sahihi kwa asilimia 99.999, na hatakuwa amedanganya! Tuseme pia kwamba magaidi wa kweli katika hao wote ni 3. Basi kwa kila gaidi mmoja umewashika watu 120 wasio na hatia. Hizo 100,000 na 3 nimezitunga ili tupate kupiga hesabu, lakini jaribu kuweka namba zako uone. Unapotafuta kitu adimu katika umati mkubwa, wengi watakaonaswa ni wale ambao hukuwa ukiwatafuta.

Na mwenye nia mbaya je? Mwaka 2002 Profesa Tsutomu Matsumoto wa Yokohama, Japani hiyohiyo, pamoja na wenzake walitengeneza vidole bandia kwa jelatini, ile inayotengenezewa peremende laini. Wakavijaribu kwenye skana za aina 11, na zote zikadanganyika. Aprili 2008 mwanamke aliyekuwa amefukuzwa Japani aliingia tena kupitia uwanja wa Aomori akiwa amebandika utepe vidoleni. Desemba 2009 ikaripotiwa kwamba polisi wa Tokyo wamemkamata mwingine aliyefanyiwa upasuaji, ngozi ya vidole vya mkono mmoja ikahamishiwa mkono wa pili. Tuseme haki: mfumo uliwazuia wengi waliowahi kufukuzwa. Lakini hao kwa sehemu kubwa walikuwa watu waliokaa kupita muda wa viza zao. Mashine ilinunuliwa kwa jina la ugaidi, kazi ikawa nyingine.

Hata hivyo, jelatini na utepe si shida kubwa machoni pangu. Shida kubwa niliiona kazini. Kampuni yetu ndogo ilipewa kazi ya kuweka mashine ya vidole katika shamba moja la maua, ili wafanyakazi wajiandikishe wanapofika. Kila asubuhi waliokataliwa ni walewale: mama anayeosha ndoo kwa dawa kali, mzee anayebeba mawe na saruji. Ngozi ya vidole imelika. Mashine inalia, foleni inanung'unika, naye anafuta kidole kwenye nguo yake kama mtoto aliyekosea. Hakukosea lolote. Kazi ndiyo iliyokula vidole vyake.

Kilichowaokoa pale ni kwamba tangu mwanzo tulipanga njia ya pili. Kulikuwa na namba ya siri, na msimamizi aliyeruhusiwa kusema, "Huyu namjua, apite." Kidole kikikataa, mshahara haukatwi.

Sasa niambie, uwanja wa ndege nani atasema huyu namjua? Mgeni ameshuka tu, lugha haijui, wakili hana, simu haina mtandao. Mwaka 2004 Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon, alikamatwa kwa sababu FBI ilisema kidole chake ndicho kilichoacha alama katika ushahidi wa milipuko ya treni za Madrid ya Machi 11. Baada ya wiki mbili aliachiliwa. Wahispania walikuwa wamempata mwenye alama hiyo, raia wa Algeria. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ikamwomba radhi na kumlipa dola milioni 2. Huyo alikuwa raia, tena mwanasheria. Je, angekuwa fundi bomba kutoka Machakos?

Halafu kuna suala la kuhifadhi. Katika viwanja vya Marekani, picha ya uso ya raia inayopigwa wakati wa ukaguzi hufutwa ndani ya saa 12. Ya mgeni inaweza kukaa hadi miaka 75. Kamera ni moja na programu ni moja, ila mmoja anapiga kura na mwenzake hapigi. Na kilichohifadhiwa huweza kuibwa. Mwaka 2015 serikali hiyohiyo ilikiri kwamba alama za vidole za watu milioni 5.6, wafanyakazi wake na wengineo, zilikuwa zimeibwa na wadukuzi. Neno la siri likiibwa utalibadilisha. Kidole utakibadilisha na nini?

Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana. Nyanya yangu alikuwa akisimulia jinsi baba yake alivyovaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma, chenye alama za vidole na jina la mwajiri. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Mwaka 1947 sheria mpya ikataka watu wa rangi zote waandikishwe kwa alama za vidole. Walowezi wengi wa Kizungu wakapinga vikali, na baadaye wanaojua kusoma na kuandika Kiingereza wakaruhusiwa kutia sahihi badala yake. Wino ulikuwa uleule. Ulianza kuonekana ni aibu ulipofika kwenye kidole cha mwenye sauti.

Karibu zaidi na leo, Januari 2020, Mahakama Kuu ilisimamisha Huduma Namba mpaka kuwe na kanuni za kutosha, na ikakataza kuchukua DNA. Wasiwasi wa wananchi ulizaa matunda kwa sababu walikuwa na mahakama ya kukimbilia. Mgeni aliye kwenye foleni ya uhamiaji hana, na ndiyo maana mifumo hii huanza kwake.

Kwa hivyo anayeniuliza kama mashine ni ya kuaminika, namjibu kwamba mashine inafanya kazi, na kwamba swali hilo ni dogo. Maswali makubwa ni haya. Ikinikataa, kuna binadamu mwenye mamlaka ya kunisikiliza? Kumbukumbu zangu zitafutwa lini? Nani mwingine atapewa? Na je, waliotunga sheria hii wangekubali vidole vyao vichukuliwe vivyo hivyo na kuwekwa miaka ileile?

Serikali ikiwa na majibu manne ya kueleweka, mimi nitaweka vidole vyangu bila kinyongo. Isipokuwa nayo, nitaviweka pia, maana safari ni safari. Lakini usiniite mshamba nikinung'unika kwenye foleni. Mifumo ya namna hii ndiyo kazi yangu, na najua ndani yake kuna nini.