Kupanda Bukavu Kutafuta Buti Mbili Zisizofanana

Mguu wangu wa kulia unavaa namba 43, wa kushoto 39. Namba hizi tunazotumia huku Kongo ni za hesabu ya Kifaransa, na kila moja ni theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo mguu mmoja umemzidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita mbili na nusu. Urefu si tatizo lote. Wa kushoto ni mfupi lakini mpana, una kinundu juu, kifundo chake hakikunjiki sawasawa, na shavu lake ni jembamba. Muuza viatu yeyote akiuona huanza kuongea habari za ndala.

Nilizaliwa Kimanga, Uvira, Agosti 1996, wayo wa kushoto umegeukia ndani ukitazama mguu mwenzake. Katika kila watoto elfu moja mmoja au wawili huzaliwa hivyo, na mama zao hawajavunja mwiko wowote, ingawa majirani zetu walikuwa na maelezo yao. Mama alinipeleka kufungwa plasta. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alikuwa ameonyesha zamani kwamba mguu wa mtoto mchanga hunyooshwa polepole: plasta mpya kila juma, mara nyingi tano hadi saba, kisha kano ya kisigino inakatwa kidogo, kisha mtoto analala na viatu vilivyounganishwa kwa chuma kwa miaka kadhaa. Mimi sikumaliza hata hatua ya plasta. Oktoba ya mwaka uleule vita vilifika Uvira, tukavuka ziwa kwenda Kigoma, plasta ikalowa mtumbwini, na mama akaibandua kwa mikono yake. Katika kambi ya wakimbizi kulikuwa na mambo ya haraka zaidi kuliko mguu wa mtoto mmoja.

Baadaye tulirudi Uvira, nami nimekua natembea, nacheza mpira, nabeba mizigo. Viatu ndivyo vilivyonishinda, na hasa viatu vya kazi. Baada ya usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe na mingine iliposhuka na mawe ya milima ya Mitumba, ikabomoa nyumba na kuua makumi ya watu, mji wetu ulibaki na mawe kila mahali na kazi ya kuyapanga upya. Nikapata kibarua cha kujaza mawe kwenye makapu ya waya ya kukinga kingo za mto. Sharti lilikuwa botini zenye chuma mbele. Shefu wa shantie aligawa namba 42 kwa kila mtu kutoka gunia moja, na aliyelalamika aliambiwa avae soksi mbili.

Soksi hazitoshi. Mguu mfupi ukiwa ndani ya buti ndefu, kiatu hakikunjiki pale vidole vinapokunjika. Kinakunjika mbele yake au nyuma yake, na ukingo wa kile chuma unakandamiza juu ya vidole kila ukipiga hatua. Ukiziba nafasi kwa vitambaa, kisigino kinapanda na kushuka mpaka ngozi ichubuke. Juu ya mawe yanayoteleza kifundo kinageuka. Nilinunua pia jozi mbili sokoni, 43 na 39, ili nichukue buti moja kila upande. Ile 39 haikuupokea upana wa mguu, na nikabaki na buti mbili ambazo hakuna wa kuzinunua, labda nipate mtu mwenye miguu ya kinyume na yangu.

Shangazi yangu anayekaa Panzi, Bukavu, ndiye aliyepiga simu kusema huko kuna mzee anayeshona viatu vya miguu kama yangu, sokoni Kadutu. Nilikuwa na miaka 26. Ziwa nilishalivuka nikiwa mgongoni mwa mama, lakini barabara ya kaskazini sikuwahi kuipita zaidi ya Kavimvira, pale njia ya Burundi inapokata kulia.

Tuliondoka kiangazi, mwaka 2022, kwenye basi dogo lililojaa vikapu vya ndagala. Barabara inafuata bonde la Ruzizi: Kiliba yenye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, kisha Sange. Abiria aliyekaa dirishani akatuonyesha mahali ambapo usiku wa 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na kuwaka, wakafa watu zaidi ya 230, wengi wao wakiwa wamekuja kuchota mafuta au wamekaa jirani wakitazama Kombe la Dunia. Kisha Luberizi, Luvungi, Katogota, na barieri baada ya barieri, kila moja na kamba yake na mtu wake anayenyoosha mkono. Joto la bonde lile ni la kukausha samaki. Miguu yangu ilivimba mpaka nikaanza kufungua kamba kwa siri.

Mama aliyekuwa na vikapu akaniona. "Mtoto wangu, toa tu hiyo kiatu. Hapa kila mtu ana yake anaficha." Nikavua, naye akautazama mguu bila aibu, akauliza kama unauma wakati wa mvua. Nikasema hapana. Akaonekana kutoamini.

Kamanyola ndipo jenerali Mobutu alipowapiga waasi mwaka 1964, na jina hilo likapewa divisheni nzima ya jeshi lake. Mimi niliona zaidi maembe na foleni. Daraja la hapo linavuka Ruzizi kwenda Bugarama, Rwanda, na wengi wenye karatasi wakati huo walipita ng'ambo kwa sababu ya lami, wakarudi Kongo wakiwa wamefika Bukavu. Dereva wetu alikuwa na mzigo wa samaki na hakutaka habari za forodha, kwa hiyo akashika Ngomo. Nimesikia watu wakiisifu mandhari ya Ngomo, na ni kweli bonde zima linaonekana chini kama mkeka. Lakini njia ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hakuna kitu, na lori linaposhuka lazima mmoja arudi kinyumenyume. Uvira iko kwenye mita karibu 780 juu ya bahari, Bukavu imeipita mita 1,460 za Ziwa Kivu. Mwili unazihesabu zote. Baada ya Nyangezi nikavaa koti, mara ya kwanza tangu nizaliwe kuvaa koti saa nane mchana.

Asubuhi yake shangazi alinipeleka Kadutu. Kutoka juu unaliona ziwa na rasi ya La Botte, iliyojitokeza majini kwa umbo la buti kwelikweli, nikaichukua kuwa dalili njema. Bukavu mtu akitaja viungo bandia, jina linalofuata ni Heri Kwetu, kituo cha walemavu ambacho Msalaba Mwekundu wa kimataifa umekisaidia. Mguu bandia sikuuhitaji. Nilihitaji kiatu cha kubebea mawe, na huyo mzee alikuwa amejifunza viatu vya wagonjwa kabla ya kuhamia kibandani.

"Shikamoo, papa."

"Marahaba. Tembea kidogo nikuone."

"Na viatu ao bila viatu?"

"Vyote viwili. Kwanza bila."

Hakugusa mguu kwa muda mrefu. Aliniangalia nikienda na kurudi, kisha akachukua buti zangu za zamani, akazigeuza, akasoma soli. Ya kushoto ilikuwa imelika upande wa nje tu, ya kulia kisigino peke yake. Aliniambia nakanyagia ukingo, na kwamba mguu wa kushoto umepungua urefu, ndiyo maana kiuno kinachoka jioni. Sikuwa nimemwambia habari za kiuno.

Kisha akaahirisha. "Urudi magaribi. Mguu wa asubuhi unadanganya." Miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na buti iliyopimwa asubuhi hubana saa za kazi. Nilirudi jioni, akanisimamisha juu ya katoni kwa uzito wangu wote, akachora kila mguu kwa kalamu aliyoishika wima, maana ikilala inaiba upana. Akapima kwa utepe mzunguko wa viungo vya vidole, wa mgongo wa wayo, wa kisigino kuzunguka mbele, na wa kifundo. Kila mguu karatasi yake. Mafundi wetu wengi hupima mmoja na kuuchukulia wa pili kuwa nakala, na huko Ulaya hadi karne ya 19 viatu vingi vilishonwa bila hata kutofautisha kulia na kushoto.

Alikuwa na kalibu za mti za kila namba. Kwa mguu wa kulia alichukua 43 na kuiacha ilivyo. Kwa wa kushoto alichukua 39, akagundisha vipande vya ngozi kwenye ukingo wa nje na juu pale penye kinundu, akavisugua, akapima tena, akaongeza, mpaka utepe ukasoma sawa na karatasi. Kazi hiyo peke yake ilimla siku nzima. Kushona kulikuwa kwepesi kuliko hiyo.

Chuma ndicho kilichotuletea mjadala. Buti za usalama zinazofuata kanuni ya kimataifa ISO 20345 lazima zihimili pigo la jouli 200 vidoleni, yaani kama jiwe la kilo 20 likianguka kutoka urefu wa mita moja. Mzee hutoa vile vifuniko vya chuma kwenye buti zilizochakaa. Kile cha 39 kilikuwa chembamba kwa vidole vyangu, hivyo akachagua cha 42 na kuijenga buti fupi nyuma yake. Nilikitaka kimoja kilichong'aa, akakikataa kwa sababu kilikuwa na mbonyeo mdogo. Chuma kilichokwisha kupigwa hakiaminiki tena, nami nadhani alikuwa sahihi, ingawa ukweli ni kwamba hakuna maabara iliyopima buti zangu na yeye hakudai hivyo.

Mengine aliyoyafanya upande wa kushoto sijayaona kwenye duka lolote. Kamba zinaanzia karibu na vidole, ili buti ifunguke yote, kwa kuwa kifundo kisichokunjika hakiwezi kuchovya mguu ndani kama wa watu wengine. Urefu uliopungua aliugawa: kidogo ndani chini ya kisigino, uliobaki kwenye soli kwa nje, maana ukiuweka wote ndani kisigino kinachomoka. Na soli yenyewe ameitanua upande wa nje, ili ninapokanyagia ukingo nikute mpira wa kunirudisha. Kwa mbali buti zinaonekana jozi. Kwa karibu zinaonekana ndugu wa baba mmoja.

Alinikataza kuzivaa kazini moja kwa moja. Nizivae nyumbani saa moja, nivue, niangalie ngozi; alama nyekundu ikibaki zaidi ya nusu saa, nirudi. Ilibaki moja, kwenye kinundu. Akailowanisha ngozi, akaigonga kwa nyundo kutoka ndani, ikaisha.

Nililipa dola 70, nusu mwanzo na nusu mwisho, karibu sawa na jozi tatu za botini za sokoni Uvira. Shangazi aliona ni ghali. Mimi niliwahi kulipia jozi mbili nikapata hasara zote mbili, sikuona hivyo. Tangu hapo nimeshinda juu ya mawe kutwa nzima, na kiuno hakinipigii kelele jioni.

Kwenu wakubwa wa shantie, Uvira, Baraka, Bukavu na kwingineko: kabla ya kuagiza gunia la botini, pitisheni daftari, kila mfanyakazi aandike namba ya mguu wa kulia na ya mguu wa kushoto, kila moja kwenye safu yake. Zikitofautiana, mpelekeni kwa fundi, na gharama iwe ya kazi, kama ilivyo ya sepetu na ya makapu ya waya.