Mgeni wa Mke Wangu

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za ngeli, za mbinu za kufundishia na za tungo za wanafunzi wetu. Leo naomba ruhusa ya kusimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Ingawa ni jambo la nyumbani kwangu, limenifundisha maana ya maneno mawili matatu ya Kiswahili ambayo nimeyaandika ubaoni kwa miaka ishirini na miwili pasipo kuyafahamu barabara.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari mjini Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Nilizaliwa mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya majeshi ya Tanzania kupita katika mji huu yakimfukuza Idi Amin. Kwa wazee wengi wa Uganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini, na Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukiongezea marafiki. Lakini baba yangu, aliyekuwa fundi wa baiskeli, alikaa na askari wale wa Tanzania miezi kadhaa, akajifunza kwao maneno yake ya kwanza. Maneno hayo ndiyo niliyorithi, nami baadaye nikayasomea hadi nikapata stashahada yangu ya ualimu.

Mke wangu ni Mtanzania, mzaliwa wa mkoa wa Kagera. Tulikutana alipokuwa mwanafunzi huku kwetu. Mahari nikayapeleka kwa baba yake, na mwaka 2009 tukafunga ndoa kanisani. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Nilikuwa nikimtania mke wangu kwamba ndoa yetu imeshuhudiwa na nchi tano.

Tuliishi pamoja miaka kumi na miwili. Mwaka 2021 mama mkwe akapatwa na kiharusi. Mke wangu ndiye binti pekee, basi akarudi kwao kumuuguza, akamchukua mtoto wetu mdogo. Mkubwa akabaki nami kwa ajili ya shule. Tuliambiana kwamba itakuwa miezi sita. Miezi sita ikawa mwaka, na mwaka ukazaa mwingine. Safari za kwanza nilikwenda kila shule ilipofungwa. Kisha nauli ikapanda, karo ya mtoto ikanibana, nikaanza kuahidi na kutotimiza. Niliahidi Pasaka, nikafika. Niliahidi Agosti, sikufika. Ilipofika Desemba 2023 niliona haya kuahidi tena, nikaamua kwenda pasipo kumwarifu, ili angalau safari hiyo isiwe deni.

Mpaka wa nchi zetu mbili, kwa sehemu kubwa, ni mstari uliochorwa juu ya ramani mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipopatana kwamba digrii 1 kusini mwa Ikweta ndiyo itakayogawa milki zao. Huku wanasema Kinyankole, kule Kinyambo na Kihaya, na watu husikilizana bila mkalimani. Njia za kuvuka zipo zaidi ya moja. Ile niliyoipita siku hiyo sitaitaja, kwani afisa mmoja si kituo, wala kituo si nchi.

Nilichukua pasipoti, kwa kuwa Tanzania haikuwamo katika makubaliano ya mwaka 2014 ambayo kwayo raia wa Kenya, Rwanda na Uganda husafiriana kwa vitambulisho vya taifa. Nilichukua pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vitabu vya hadithi vya mtoto, na furushi la karatasi za mtihani wa kidato cha pili ambazo sikuwa nimemaliza kuzisahihisha. Cheti cha ndoa nilikiacha kwenye saraka. Ni nani asafiriye na cheti cha ndoa?

Afisa aliyenipokea alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Akafungua pasipoti, akaniuliza ninakwenda kufanya nini.

"Ninakwenda kumtembelea mke wangu, afande."

Akainua macho. "Kumtembelea? Mtu humtembelea shangazi yake, mzee. Kwa mkewe mtu hurudi."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nami nikacheka, lakini kicheko changu hakikushuka tumboni. Kijana yule alikuwa amenisahihisha, na alikuwa na haki.

Akaniambia nifungue mfuko. Alipoziona karatasi za mtihani, uso wake ukabadilika. Akaniuliza ni za shule gani, na kama ninayo kazi ya kufundisha upande ule, na kibali cha kazi kiko wapi. Nikamweleza. Akasema, "Kiswahili hiki umekipata wapi? Waganda ninaowajua mimi hawasemi hivi." Miaka yote nimewahimiza wanafunzi wangu waseme Kiswahili fasaha ili wasionekane wageni popote katika Afrika Mashariki, siku ile ufasaha wangu ndio ulionitia mashakani. Hata hivyo nisimwonee. Walimu wengi wa Kenya na Uganda wamefundisha katika shule za Tanzania zinazotumia Kiingereza, na wengine wamefanya hivyo pasipo vibali. Swali lake halikuwa la kipuuzi.

Akanitoa kwenye foleni, akaniingiza katika chumba kidogo chenye meza na viti viwili. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu alininong'oneza kwamba mkono mtupu haulambwi. Nilijifanya sikusikia, na kwa haki, afisa yule hakuniomba kitu.

"Jina la mkeo?"

Nikalitaja. Akatazama pasipoti yangu. Majina hayakulingana hata herufi, maana mke wangu ameendelea kutumia jina la baba yake.

"Cheti cha ndoa?"

"Kipo nyumbani."

"Nyumbani wapi? Kwako au kwake?"

Sikujibu upesi. Akaendelea. "Anakaa mtaa gani?"

Nilikuwa nikiijua nyumba ya mama mkwe kama ninavyokijua kiganja changu. Lakini mwezi wa Septemba walikuwa wamehamia chumba cha kupanga karibu na hospitali, na huko sikuwa nimefika. Nilikuwa na namba ya simu tu.

"Mtoto wenu yuko darasa la ngapi?"

"La tatu," nikasema, kisha nikasita. "La nne."

"La tatu au la nne?"

"La nne."

"Mara ya mwisho mlionana lini?"

"Mwezi wa Aprili."

"Sasa ni Desemba, mwalimu." Akaweka kalamu chini. Sauti yake haikuwa tena ya ukali, na hilo likaniuma zaidi. "Mmeachana?"

"Hatujaachana," nikajibu.

Neno lile lilipotoka, mimi mwenyewe nililisikia. Ninyi walimu wenzangu mnajua tunavyofundisha: *hatukuachana* hufunga jambo, *hatujaachana* huacha mlango wazi, maana -ja- hukanusha lililotokea lakini halikanushi litakalotokea. Mara ngapi nimewatungia wanafunzi mifano ya mvua ambayo haijanyesha na treni ambayo haijafika! Sasa mfano ulikuwa mimi. Nilitambua kwamba maswali ya kijana yule, yote pia, ndiyo maswali niliyokuwa nikikwepa kujiuliza usiku. Yeye alitaka kujua kama mimi ni mume wa mwanamke yule, na mimi nilikuwa sina jibu lililonyooka.

Akaniomba namba, akapiga simu akiwa ameiweka kwenye kipaza sauti. Mke wangu akapokea. Afisa akajitambulisha, akamwuliza kama anamtarajia mgeni yeyote kutoka Uganda.

"Mgeni?" akasema. "Sina mgeni leo."

"Hakuna mtu yeyote anayekuja kwako?"

"Hakuna. Mume wangu yuko Mbarara, wakati huu huwa anasahihisha mitihani."

Afisa akanitazama. Niliona safari yangu imekwisha: nitapanda basi la kurudi, nitamwambia mkubwa kwamba mama yake hajambo, nami nitakuwa nimesema uongo. Mke wangu alikuwa amesema kweli tupu, na kweli hiyo ilikuwa imenifungia mlango. Nikataka kuita, lakini kijana akaninyoshea kidole ninyamaze.

Ndipo sauti ya upande wa pili ikabadilika. "Mbona unaniuliza hivyo? Amepatwa na nini? Ni ajali? Niambie, baba, yuko hai?" Akalitaja jina langu, lile la nyumbani ambalo halimo katika pasipoti. Akalirudia, na kila aliporudia sauti ikazidi kukatika.

Kijana yule akazima kipaza sauti, akanipa simu mkononi, akatoka nje.

Sitaandika tuliyosemezana. Aliporudi aliketi, akanigongea muhuri wa miezi mitatu, ilhali nilimwomba majuma matatu tu. Kwa Itifaki ile ya Soko la Pamoja, raia wa nchi mwanachama aweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita pasipo viza, lakini siku hiyo sikuwa na hamu ya kunukuu vifungu. Akanirudishia karatasi zangu, akasema, "Safari ijayo njoo na cheti, mwalimu. Na umpigie kwanza." Nikamshukuru, na shukrani yangu ilikuwa ya kweli, ingawa mpaka leo naamini kwamba mtu angeweza kuulizwa maswali yale bila kuchekwa mbele ya foleni.

Njiani nililitafakari lile neno *mgeni*. Lugha nyingine zina neno la mtu anayekaribishwa, na neno jingine la mtu wa nchi nyingine, na la mtu asiyejulikana. Kiswahili chetu kimewaweka wote watatu katika nyumba moja. Mgeni ni yule tunayemtandikia mkeka, na mgeni ni yule tunayemwuliza ametoka wapi. Nimezoea kuwaambia wanafunzi kwamba huo ni ukarimu wa lugha, kwamba Mswahili humwona kila atokaye mbali kuwa wa kukaribishwa. Sikupata kuwaambia upande wa pili: kwamba mtu aweza kukaribishwa vizuri mahali ambapo hapaswi kabisa kuwa wa kukaribishwa.

Nilifika magharibi. Mke wangu alikuwa amesimama barabarani, mtoto kando yake, kwa kuwa nisingeweza kuijua nyumba. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au kwa lawama. Hakutoa hata kimoja. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni kama mtu ahesabuye mali yake baada ya moto, kisha tukafuatana hadi chumbani, nikamsalimu mama mkwe kitandani. Nilipotafuta mahali pa kuketi, mke wangu akanishikisha ndoo.

"Maji yako bombani kule nyuma," akasema. "Mama hajaoga."

Mnaijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa hata saa mbili. Nilikwenda bombani na ndoo yangu, na sina heshima niliyowahi kupewa ikanifurahisha kuliko ile.

Mambo hayakunyooka yote kwa ndoo moja. Mama mkwe bado anauguzwa, mke wangu bado yuko kule, na mimi bado niko huku. Lakini siahidi tena safari nisizoziweza. Napiga simu kila jioni, na mtoto ananisomea kazi zake za shule, hivyo darasa lake nalijua. Cheti cha ndoa kimo ndani ya jalada la pasipoti.

Darasani nako nimeongeza somo dogo, ambalo napenda kuwashirikisha. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipokubali mwezi wa Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, wanafunzi wetu huniuliza watakitumia wapi. Basi nawapanga wawili wawili: mmoja afisa wa uhamiaji, mwingine msafiri. Wanajifunza pasipoti, muhuri, kibali, mwenyeji, makazi, madhumuni ya safari. Anayecheza msafiri hufundishwa kujibu kwa ukweli na kwa ufupi. Anayecheza afisa hufundishwa kuuliza yote anayopaswa kuuliza, akianza na salamu, na kumwita mtu pembeni kabla ya kumwuliza ya nyumbani kwake.

Mwaka jana msichana mmoja aliyecheza msafiri aliulizwa na mwenzake anakwenda kufanya nini. Akajibu, "Ninakwenda kumtembelea mama yangu, yuko Dodoma." Mwenzake akaandika, akataka kuendelea. Nilikuwa tayari kumsahihisha yule binti, kisha nikamwona alivyoinamisha uso, nikaacha. Kengele ilipolia nilimwita, nikamwuliza kwa upole mara ya mwisho walionana lini.