Kiboko Nje, Sisi Ndani

Sisi wa Kanazi tukitaka kutoka kidogo, tunakimbilia Bukoba mjini: samaki wa kuchoma ufukweni, muziki, simu mkononi. Raha ipo, ila mazungumzo hakuna. Mume wangu alipopata uhamisho wa Dodoma tulinuniana wiki mbili nzima. Basi nikasema twende Burigi-Chato, hifadhi ya taifa tangu 2019, tukalale kwenye hema karibu na Ziwa Burigi.

Askari wa hifadhi alituonyesha pa kupiga hema, mbali kidogo na maji, maana viboko hutoka usiku kula majani. Akatuonya: giza likiingia, hakuna kuzurura.

Hapo ndipo penye dawa, wapenzi wasomaji! Nyumbani mkikwaruzana, mmoja anachukua funguo anaondoka zake. Kwenye hema utakwenda wapi, na kiboko anaguna nje? Tukaongea hadi usiku wa manane. Nikamwambia siogopi Dodoma, naogopa kusahaulika. Kumbe naye alikuwa anaogopa kwenda peke yake!

Uhamisho haukufutwa. Anakuja kila mwezi, na mwakani namfuata. Mkiwa na jambo zito, msilipeleke baa. Bebeni hema, blanketi na maji ya kunywa.