VITA KUU YA PILI ILIPITA PIA KWETU



Katika somo la historia tunajifunza tarehe za Vita Kuu ya Pili: Pearl Harbor, Stalingrad, Normandie, Hiroshima. Tunaziandika katika kaye, tunazirudilia usiku kabla ya mtihani, na mtihani ukiisha tunazisahau. Wenzetu wengi husema: «Ile vita ilikuwa ya Wazungu. Sisi inatuhusu nini?» Swali hilo ni la haki na linataka jibu. Sisi wanafunzi wachache wa humanite, wengine wa Butembo na wengine wa Beni, tumelitafutia jibu katika vitabu na kwa wazee. Tumeona kwamba kila mara vita ilipogeuka huko mbali, maisha ya watu wa Kongo yaligeuka pia.

Tuanze na mwaka 1940. Tarehe 10 Mei Wajerumani waliingia Ubelgiji, na tarehe 28 Mei mfalme Leopold III akaweka silaha chini. Basi Kongo ilibaki koloni ya nchi iliyoshindwa. Gavana Mkuu Pierre Ryckmans, aliyekaa Léopoldville, alitangaza kwamba Kongo itaendelea kupigana pamoja na Waingereza. Hakuna Mkongo aliyeulizwa. Tangu siku ile Kongo ilikuwa ndani ya vita, mtu wa kijijini apende asipende.

Geuko la pili ni lile ambalo askari wetu wenyewe walilifanya. Italia ilikuwa imeingia vitani upande wa Hitler, nayo ilitawala Ethiopia. Askari wa Force Publique walisafiri kutoka Kongo, wakapita Sudan, wakapanda milima ya Ethiopia. Mwezi wa Machi 1941 waliteka Asosa, kisha Gambela. Kisha mvua ikaanza, chakula kikapungua, magonjwa yakawaingia askari na wapagazi. Hata hivyo hawakurudi nyuma. Tarehe 3 Julai 1941, huko Saio, jenerali Gazzera wa Italia alijitoa mikononi mwa jenerali Gilliaert pamoja na majenerali wengine 8 na maelfu ya askari. Wakati ule Hitler alikuwa na nguvu karibu kila mahali katika Ulaya, na ushindi kama huo ulikuwa haba. Vitabu vinaandika jina la Gilliaert. Wale waliobeba masanduku ya risasi kichwani, majina yao ni wangapi tunaoyajua?

Wakongo wengine walienda mbali zaidi. Kuna waliopelekwa Nigeria, Misri na Palestina. Waganga na wasaidizi wa hospitali moja ya vita kutoka Kongo walifika mpaka Burma, huko Asia, kuwatunza waliojeruhiwa.

Sasa tufike kwenye geuko lililogusa karibu kila nyumba. Tarehe 7 Desemba 1941 Wajapani walipiga Pearl Harbor. Tarehe 15 Februari 1942 waliteka Singapore, na mwezi wa Machi wakateka Java. Mutu atasema: Singapore na Kivu vinahusiana nini? Vinahusiana sana. Malaya ilikuwa inatoa mpira na bati. Java ilikuwa inatoa karibu kinini yote ya dunia. Mlango ule ulipofungwa, Waingereza na Wamarekani waligeuza macho upande wa Kongo.

Mwaka huo huo 1942 serikali ya koloni iliongeza siku za kazi ya lazima kwa watu wa vijijini, kutoka 60 kufikia 120 kwa mwaka. Tufanye hesabu: siku 120 ni miezi minne. Mwanaume mwenye bibi na watoto alipoteza miezi minne, na shamba lake halikumngojea. Katika misitu ya Kongo watu walirudishwa porini kutafuta mpira, kama zamani za Léopold II, neno ambalo wazee wa wakati ule walikuwa wanalikumbuka kwa woga. Katika milima ya Kivu miti ya kinkina ilizidi kupandwa, ile ambayo maganda yake yanatoa kinini. Na kampuni ya migodi ya MGL, ambayo kituo chake kiliusaidia mji wetu wa Butembo kuzaliwa, ilichimba zahabu na bati katika Kivu kwa mikono ya watu wetu.

Mzee mmoja aliyekuwa mtoto wakati huo alituambia hivi: «Baba alikuwa anaenda ku kazi ya barabara, mama anabakia ku shamba peke yake na sisi. Hiyo majina ya Singapore hatukuijua. Tulijua tu kama kazi imeongezeka.» Tuliandika maneno yake palepale, kwa sababu hatukuyakuta katika kitabu chochote.

Msifikiri kwamba watu walinyamaza. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Élisabethville waligoma wakiomba mshahara, nao wakapigwa risasi. Mwaka 1944 askari wa Luluabourg waliasi. Mwaka huo huo, upande wa Lubutu na Masisi, watu wa Kitawala waliinuka wakiongozwa na Bushiri, na serikali ikawazima kwa nguvu nyingi. Kumbe wakati Ulaya ilikuwa inafunguliwa kutoka mkononi mwa Hitler, huku kwetu aliyeomba kufunguliwa alifungwa.

Geuko la mwisho ni Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza bomu ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga. Wachimbaji hawakuambiwa ni kitu gani wanachokitoa wala kinaenda kufanya nini. Sisi tunaokaa juu ya udongo wenye mali tusilipite neno hili mbio. Kitu kilichotoka katika shimo la Kongo kiliunguza mji wa watu ambao Mkongo hakuwa na ugomvi nao.

Walimu wetu wanajua, nasi tunajua, kwamba hapa Beni na Butembo neno «vita» si neno la kaye tu. Tangu mwaka 2014 kuna wenzetu waliokimbia vijiji vyao, kuna waliozika wazazi. Juu ya hiyo tunaona neno hili lina haraka. Mtu aliyepitia vita anajua kwamba uchungu wa pili, baada ya msiba wenyewe, ni kuona watu wanaongea kama vile hakuna kitu kilichotokea. Wazee wa 1942 waliteswa na jambo hilo kwa zaidi ya miaka 80. Mwezi wa Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani huko Kinshasa koplo Albert Kunyuku, aliyetumika Burma, naye alikuwa na umri wa miaka 100. Nishani ilikuja, lakini wenzake karibu wote walikuwa wamekwisha kufa.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja. Likizo ijayo, kila mwanafunzi aulize nyumbani: nani wa jamaa yetu alifanya kazi ya lazima, nani alibeba mizigo, nani alienda uaskari na hakurudi? Andika jina lake, kijiji chake na kazi aliyoifanya, hata kama ni mistari mitatu. Ulete karatasi yako kwetu, nasi tutaikusanya ndani ya gazeti hili. Na siku mwalimu atakapouliza mageuko makubwa ya Vita Kuu ya Pili, tujibu Stalingrad na Normandie kama inavyotakiwa, lakini tuongeze Saio, na zile siku 120.



Ni sisi, wanafunzi wa humanite.